Usiuze Wimbo kwa Bei ya Udongo

Kijana mmoja kutoka Musonoi, hapa kwetu Kolwezi, alinijia Jumapili baada ya misa, kwapani amebana daftari la shule ambalo jalada lake lilikuwa limevimba kwa mvua. Ndani mlikuwa na nyimbo 41, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu na kupewa namba moja moja. Tatu alikwisha kuziuza: moja kwa mwimbaji wa bendi ya baa, moja kwa kwaya, moja kwa bwana harusi aliyetaka jina la mchumba wake litajwe mara nne. Zote tatu zilikuwa na thamani ya dola 45, na katika hizo 45, dola 20 alikuwa bado anazidai. "Papa," akaniuliza, "mutu anaweza kula na nyimbo? Mi minaandika, benyewe banaimba."

Nikamuuliza na mimi: jirani yake anayechimba Kasulo, jiwe lake linapimwa na nani? Akacheka. Hakuna mtoto wa Kolwezi asiyejua. Mchimbaji anashuka shimoni kwa kamba, anapandisha gunia, analifikisha dipo. Pale mnunuzi anaelekeza kimashine chake, metorex, juu ya mawe, anasoma asilimia ya kobalti, anataja bei. Mchimbaji hana metorex. Atakubali, au atabeba gunia lake arudi nalo. Ndugu zangu mnaoandika nyimbo hapa Lualaba, wengi wenu mmesimama hapo hapo mbele ya mashine ya mwingine, na tofauti ni kwamba ninyi hamwoni hata namba inayoandikwa.

Kuishi kwa kuandika nyimbo ambazo wengine wataziimba ni kazi inayojulikana duniani, ingawa kwetu bado inaonekana kama utani. Kule Nashville, Marekani, kwenye muziki wa kantri, kuna watu wanaoamka asubuhi, wanakwenda ofisini, wanakaa wawili au watatu na gitaa, na jioni wanatoka na wimbo ambao hawatauimba wao. Kwetu tumezoea kwamba mtunzi, mwimbaji na mwenye bendi ni mtu mmoja. Kama si mmoja, basi mwenye bendi ndiye anayehesabika.

Najua kuna atakayesema kantri ni mambo ya wazungu wenye kofia pana. Mwaka 1950, Hugh Tracey alipopita kwa Wakipsigis wa Kenya na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wanaimba juu ya kiumbe wanayemwita Chemirocha. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933. Sahani zake za santuri zilikuwa zimefika kijijini kabla ya Tracey. Na kwetu sisi wa shaba uhusiano ni wa karibu zaidi. Merle Travis, mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, alirekodi mwaka 1946 wimbo "Sixteen Tons", juu ya mchimbaji ambaye deni lake katika duka la kampuni haliishi. Mzee yeyote wa Kapata aliyelelewa kwa posho ya kampuni za madini, Union Minière kisha Gécamines, akitafsiriwa wimbo ule atatikisa kichwa bila kuuliza swali. Mwaka 1970 Loretta Lynn akauimbia ulimwengu kwamba yeye ni binti wa mchimba makaa. Mabinti wa wachimba shaba tunao maelfu hapa. Nani amewaandikia?

Halafu kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Travis alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likitunza besi, shahada ikicheza sauti ya juu. Upande huu wa bahari, Jean-Bosco Mwenda naye alipiga kwa vidole hivyo hivyo viwili.

Huyo Mwenda ni wetu. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, mji wa wafalme wa Bayeke, ambao leo uko ndani ya mkoa huu wa Lualaba. Mwaka 1952 Tracey alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya sasa, akamrekodi "Masanga" na nyimbo nyingine; sahani zikatoka kwa alama ya Gallotone ya Afrika Kusini na kusambaa. Alipokwenda Nairobi baadaye, wapiga gitaa wa Kenya walimsikiliza redioni na kumwiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Kwenye maisha yake nachukua mambo mawili kwa ajili ya kijana wa Musonoi. La kwanza, pamoja na jina lote lile, Mwenda alikuwa na kazi za mshahara nje ya muziki. Sioni aibu yoyote hapo, na wewe usione. Kama unaendesha pikipiki, kama una kibanda cha vocha, kama unafundisha darasa la nne, endelea. Mtunzi mwenye unga nyumbani anaweza kumwambia mnunuzi "hapana". Mwenye njaa huuza wimbo wa kumi kabla hajalipwa wa kwanza. La pili, kwa sheria yetu haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fanya hesabu: nyimbo za Mwenda zinalindwa hadi mwaka 2040. Wimbo ulioandikwa na kijana wa miaka ishirini na mbili kule Likasi utakuwa na mwenyewe kwa karibu miaka tisini. Wewe unauza wa kwako kwa dola 15 bila karatasi, tena na mjukuu wako umemuuza humo humo.

Kabla ya karatasi, lakini, uwe na wimbo wenyewe. Nilisoma daftari la yule kijana lote. Nyimbo kama thelathini hivi zilikuwa na moyo unaoumia, machozi usiku na mchana, mpenzi aliyeondoka. Hakuna ubaya, watu huondoka. Ila nilipofumba jina lake juu ya ukurasa, sikuweza kujua kama mtunzi ni wa Kolwezi, Mombasa au Bujumbura. Nikamwomba achague mmoja. Mwanzo wake ulikuwa hivi:

Mpenzi wangu umeniacha,
moyo wangu unaumia.

Nikamuuliza, huyo aliyeachwa yuko wapi sasa hivi, saa ngapi, mbele yake kuna nini? Akafikiri. Akasema ni mama yake mkubwa, mumewe alikuwa akifanya zamu ya usiku na siku moja hakurudi, kumbe amehamia kwa mwanamke mwingine Fungurume. Yule mama alikuwa akimwekea chakula. Tukakaa karibu saa nzima, tukafuta, tukarudisha, tukafuta tena, na ikabaki hivi:

Zamu ya usiku imetoka,
sahani yako nimeifunika,
bukari imeshika ganda,
viatu vyako haviko mlangoni.

Hakuna neno "moyo" wala "machozi", na mama anayeosha mawe mtoni atausikia wimbo huu akasimama. Ndivyo waandishi wa kantri wanavyofanya kazi: wanakupa sahani, kiatu, saa ya ukutani, halafu wanakuachia wewe ulie. Kwenye daftari lako weka kurasa za mwisho kwa ajili ya vitu tu. Mwanamke wa Musompo alisema nini alipopunjwa kwenye mizani. Dereva wa lori la shaba aliyelala siku tatu kwenye foleni ya Kasumbalesa alikula nini. Hiyo ndiyo akiba yako ya madini.

Na lugha? Nimesikia walimu wakiwaambia watoto waandike Kiswahili cha kitabuni ili wauze Tanzania. Mimi siamini sana. Mtanzania ana watunzi wake wanaokijua Kiswahili hicho kuliko wewe. Ukimwandikia mwimbaji wa hapa, andika kama watu wanavyosema hapa, "bukari" ikae, wala usiigeuze kuwa "ugali". Lingala ya Kinshasa utaitia pale inapokuja yenyewe. Wakenya walizicheza nyimbo za bendi za Katanga miaka mingi, na lafudhi haikuwazuia kucheza.

Sasa mizani. Jiwe moja la Kolwezi hubeba shaba na kobalti pamoja, na dipo wanaweza kukulipa moja wakachukua zote mbili. Wimbo nao uko hivyo. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyolipwa mbali mbali: utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, ambao ni wa mtunzi, na rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studioni, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharamia. Bendi ikiingiza rekodi kwenye majukwaa ya intaneti kupitia kampuni ya usambazaji, pesa zinazorudi kwa njia hiyo ni za rekodi. Sehemu ya mtunzi hupita mfereji mwingine, kupitia mashirika ya hakimiliki, na kama jina lako haliko huko, inapita tu na kuishia kwa wengine. Hapa ndipo mtunzi asiyeimba anapopotea kabisa. Mwimbaji angalau ana rekodi na jukwaa. Wewe una utunzi peke yake. Ukiutoa, umetoa yote.

Mfano wa kupoteza uko wazi. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 kwa kampuni ya Gallo, ile ile ambayo baadaye alama yake ilibandikwa kwenye sahani za Mwenda. Haki zake aliziachia kwa shilingi kumi. Wimbo ukageuzwa huko Marekani, ukaimbwa na kila mtu, ukaingia hadi kwenye filamu ya simba ya Disney; Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na binti zake walifikia maelewano ya kulipwa mwaka 2006. Mfano wa kushika pia upo, nao unatoka Nashville. Dolly Parton aliandika "I Will Always Love You" mwaka 1973. Elvis Presley akautaka. Meneja wake akasema sharti nusu ya haki za uchapishaji ziende kwao. Fikiria: Elvis! Parton alikataa, na mwenyewe amesimulia kwamba alilia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, dunia nzima ikaununua, na haki zilikuwa bado mkononi mwa mwandishi.

Kati ya hizo mbili kuna sisi, ambako mambo huwa na ukungu. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, na hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. "Shauri Yako" ukiutaja Nairobi watakwambia ni wa Super Mazembe, bendi ambayo mizizi yake iko hapa hapa Kongo, ilipoanza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1974. Lakini kabla ya Mazembe, wimbo huo ulikuwa wa Nguashi N'timbo. Ni wangapi wanamtaja? Na "Kasongo" wa Mazembe hao hao, wimbo wa miaka ya sabini, mwishoni mwa 2024 ulifufuka Kenya, ukawa kwenye kila simu kwa ajili ya utani wa siasa. Wimbo haustaafu. Unaweza kulala miaka arobaini na saba halafu ukaamka usiku mmoja, na siku hiyo ndipo karatasi huulizwa.

Karatasi yenyewe si jambo kubwa. Ukurasa mmoja. Jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya walioutunga jinsi yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura, asilimia ya kila mmoja, saini, na namba ya simu ya shahidi. Fanyeni siku ile ile, kabla ya kutoka studioni, kabla bia haijafunguliwa. Nashville wana desturi kwamba waliokuwa chumbani wimbo unatungwa hugawana sawa, na mimi naipenda kwa sababu inazuia kesi ya "neno hili ni langu". Kwetu kuna mgogoro ambao wao hawana: sebene, ile sehemu ya gitaa. Nusu ya wimbo wetu ni gitaa, na mpiga solo aliyelibuni mara nyingi haandikwi popote. Mpe sehemu. Ukimnyima, usishangae siku moja akikunyima na wewe.

Watu huuliza kama ni lazima kusajili ndipo wimbo uwe wako. Hapana. Kongo iko kwenye Mkataba wa Berne, na sheria yetu ya hakimiliki ni ya Aprili 1986. Haki inazaliwa pamoja na wimbo. Shida ni ushahidi. Jirekodi kwenye simu, hata kama sauti yako ni ya kufukuza kunguru, kisha jitumie faili hilo kwa baruapepe ili tarehe ibaki mahali ambapo mwizi wa simu hafiki. Daftari nalo litunze, lenye makosa na mistari iliyokatwa, kwa maana mwizi wa wimbo huwa na nakala safi tu.

Halafu jiunge na SOCODA, shirika la hakimiliki lililoanzishwa 2011 kushika nafasi ya SONECA ya zamani. Usihesabu mgao wake kwenye kodi ya nyumba. Unajiunga ili jina lako liwe kwenye orodha na wimbo uwe na namba inayotambulika nje. Watunzi wengi wa Kongo walioanza kusikika Ulaya walijiandikisha SACEM, shirika la namna hiyo la Ufaransa. Ukifika kiwango hicho uliza habari zake. Kwa leo anza na jirani.

Bei sasa. Usiuze wimbo "moja kwa moja". Neno hilo liogope. Omba malipo ya mwanzo, hata kidogo, yanayolipwa siku unapokabidhi maneno, na ubaki na sehemu yako ya utunzi. Mwimbaji akisema hana pesa, punguza malipo ya mwanzo, sehemu ya utunzi usiiguse. Wengi hufanya kinyume: wanang'ang'ania dola 10 zaidi leo na kuachia utunzi wote.

Ya kampuni na mashirika ni habari nyingine, na hapo nina kovu langu. Huku kwetu wapo wanaotaka nyimbo za usalama kazini, za kipindupindu, za watoto kutoka machimboni warudi shuleni. Hulipa vizuri kuliko bendi yoyote. Siku hizo nilipokuwa kijana niliandika wimbo wa kufunga mkanda wa gari kwa kampuni moja, nisiyoitaja. Wakanipa bahasha na mchele. Mwaka wa tatu nilikuwa kwenye basi la kwenda Lubumbashi, dereva amefungua redio, na mbele kidogo ya Likasi nikasikia wimbo wangu. Ulikuwa unatangaza bima. Maneno mawili yalikuwa yamebadilishwa. Abiria wa pembeni akaimba kiitikio chote, akanigeukia: "Huu munyimbo ni muzuri, eh?" Nikamwambia ni mzuri. Ningesema nini? Nilichotia saini kilikuwa risiti ya mchele.

Kwa hiyo mkataba wa tangazo uwe na mambo manne, na uyaandike wazi: utumike muda gani, mwaka mmoja basi, utumike wapi, Lualaba peke yake au nchi nzima, utumike kwenye chombo gani na kwa jambo gani. Wakitaka zaidi, walipe tena. Edouard Masengo, binamu yake Mwenda, aliimba matangazo ya Coca-Cola huko Nairobi. Kazi ya tangazo haimchafui mtunzi.

Kuhusu libanga nitasema kidogo, kwa kuwa nitagombana na watu. Kule Kinshasa, kutaja jina la mtu ndani ya wimbo kwa malipo huitwa hivyo, "jiwe", na sisi wa mji wa mawe tumelipokea kwa mikono miwili. Bosi wa dipo analipa dola 100 ili jina lake lisikike kabla ya kiitikio. Chukua pesa, watoto wale. Lakini majina yaingie kwenye toleo la jukwaani au la video moja, rekodi ya asili ibaki safi. Bosi wa leo kesho amefilisika, au amekamatwa, na wimbo wako wa mama mwenye sahani iliyofunikwa utaendelea kumtaja milele katikati ya huzuni yake.

Kwaya usizidharau. Ndizo zinazorekodi kila mwaka hapa mjini, na huimba vizuri. Ila "tutalipwa mbinguni" isikubaliwe kutoka kwa mwanakwaya anayelipa studio, mpiga kinanda na mashati ya sare papa hapa duniani.

Yule kijana nilimkatia karatasi mbili kutoka kwenye daftari lake. Moja ikawa barua kwa mwimbaji wa baa, juu ya zile dola 20. Nyingine ilikuwa ya wimbo wa sahani. Akaandika kichwa cha wimbo, tarehe, jina lake. Chini yake akaandika jina la rafiki yake mpiga gitaa aliyeutafutia sauti. Alipofika kwenye asilimia, kalamu ikasimama. Akanitazama, akauliza kama na mama yake mkubwa aandikwe, kwa kuwa bukari ile ilikuwa ya kwake.

Nikamwambia sheria haimtambui. Akafikiri kidogo, akamwandikia kumi.